Disiki za Baba Haziko Takataka: Namna ya Kuzipima na Kuziuzisha Bila Kudanganya wala Kudanganywa

Leo sitaandika juu ya CV wala juu ya kutafuta kazi. Nitaandika juu ya kitu ambacho pengine kiko nyumbani kwenu sasa hivi, chini ya kitanda ao juu ya kabati, na vumbi juu yake: disiki za wazee wetu.

Baba alipofariki, tulikuta kantini mbili za chuma. Ndani mulikuwa disiki 143. Baba alifanya kazi kwenye mgodi hapa Katanga miaka mingi, na siku ya mushahara alikuwa anapita kwanza kununua disiki, kisha njo anafika nyumbani na mufuko wa unga. Mama hakusahau ile mpangilio mpaka leo.

Wiki tatu nyuma ya matanga, papa mumoja akafika kutupa pole. Alivaa vizuri, Kifaransa chake kilikuwa kizuri. Aliomba kuona kantini, akachungulia, kisha akasema: «Mama, hizi bintu bilishakufa. Mashini ya kubicheza haiko tena. Ninakupa dola 100 kwa yote, na ninakutoshea takataka mu nyumba.»

Mama akaniangalia. Mudogo wangu mwanamuke alikuwa anangojea nusu ya pili ya minervali, na tarehe ya mwisho ilikuwa inakaribia. Dola 100 haikuwa bule. Lakini mimi niliona kitu kimoja: ile papa alikuwa anasema ni takataka, kumbe alikuwa anashika kila disiki kwa ukingo, na vidole viwili, bila kugusa uso wake. Mutu hashike takataka vile. Nikamwambia: «Papa, tupe wiki mbili, tutajibu.» Hakufurahi.

Hii makala ni yale niliyojifunza katika wiki zile mbili, na katika miezi iliyofuata, pamoja na makosa yangu. Mimi nilisoma uchumi, sikusoma muziki. Kumbe kazi hii ni uchumi tupu: bei ya kitu inatoka kwa habari, na mwenye habari njo anamushinda mwenye hana.

1. Kwanza, jua una nini mukononi

Disiki ziko za aina tatu, na kila moja ina sheria zake.

Ya kwanza ni disiki ya mizunguko 78 kwa dakika. Hii ni nzito, ngumu, na inavunjika kama sahani ya udongo. Haikutengenezwa na vinili. Ilitengenezwa na mchanganyiko wenye utomvu mugumu unaoitwa sheleki. Inabeba wimbo mumoja kila upande, karibu dakika tatu. Muziki wa kwanza wa Kongo ya kisasa ulitoka kwa disiki hizi. Nyumba ya Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948 na Mugiriki Nico Jéronimidis, na mwaka ule ule Wendo Kolosoy akarekodi «Marie-Louise». Loningisa, mahali Franco alianzia kazi yake mwaka 1953, nayo ilikuwa ya Wagiriki, na Opika na Esengo zilifanya kazi katika miaka ile ile. Kwetu huku, Hugh Tracey alirekodi Jean-Bosco Mwenda pale Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952, na gitaa lake likazunguka Afrika muzima kwa disiki za namna hii.

Ya pili ni disiki ndogo ya mizunguko 45, wazee wanaiita «karanti senki». Ni ya vinili, upana wake karibu sentimita 17 na nusu. Katika miaka ya 1960 na 1970 njo ilikuwa chakula cha kila siku cha mabaa na cha nyumba zetu. Wimbo mara nyingi ulikatwa pande mbili: upande A unaimba, upande B ni gitaa na dansi.

Ya tatu ni disiki kubwa ya mizunguko 33, sentimita 30, wengi wanaiita LP. Hii ina nyimbo nyingi, na posheti yake ni kubwa, na picha.

Juu ya nini unapaswa kutofautisha? Juu mutego wa disiki ya 78 ni mupana karibu mara tatu kuliko ule wa vinili. (Mutego ninaita ule mufereji mwembamba mahali sindano inapita.) Ukiicheza na sindano ya LP, sindano inaanguka chini ya mufereji na inasikilisha uchafu tu. Utasema disiki imekufa, kumbe sindano njo haiko yake.

2. Usafishe mbele ya kupima

Kosa la kwanza nililofanya: nilipima disiki 20 zikiwa na vumbi, nikaziandika zote «mbaya». Nyuma ya kuzisafisha, 9 kati yao zilikuwa nzuri sana. Vumbi la Lubumbashi munalijua wenyewe. Linaingia mu mufereji, linafanana na mukwaruzo, na linapiga kelele kama mukwaruzo.

Kwa vinili, chukua mayi safi isiyo na chumvichumvi. Ile mayi iliyochujwa wanayouzisha kwa batri ya gari inafaa. Angalisha kabisa: mayi ya batri, siyo asidi ya batri. Kwa lita moja weka tone moja ao mawili ya sabuni ya kusukulia sahani. Tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Pangusa kwa kufuata mufereji, kwa duara, usikate kutoka katikati kwenda inje. Lebo, ile karatasi ya katikati, isipate mayi hata kidogo. Kisha pangusa tena na mayi bila sabuni, na uache ikauke ikisimama ndani ya nyumba, siyo kwenye jua. Jua la saa sita linakunja vinili mbele umalize kikombe cha chai.

Kwa disiki ya 78, alkoli ni sumu. Sheleki inayeyuka ndani ya alkoli, na pamoja nayo inaondoka sauti ya mutu aliyeimba mbele baba yako hajazaliwa. Nilimusikia rafiki akisema alisafisha disiki za babu yake na dawa ya mikono, ile ya wakati wa Covid. Ziligeuka kuwa nyeusi bila mufereji. Kwa 78 tumia mayi kidogo sana, na ukaushe mara moja.

3. Kupima: zile herufi zinasema nini

Wanunuzi wa disiki, hata Wafaransa na Wabelgiji, wanatumia kipimo kimoja kilichosambazwa na gazeti la Marekani linaloitwa Goldmine. Discogs, ile soko kubwa ya intaneti ya disiki, nayo inakitumia. Ni herufi tu, lakini ukizikosea utaitwa mwizi. Tuzifahamu moja kwa moja.

M ni disiki mupya kabisa, haikuchezwa hata siku moja. Isahau. Disiki iliyotoka ndani ya kantini ya baba haiko M, hata kama inang'aa.

NM ni karibu mupya. Uso unang'aa, hakuna alama unayoiona, inacheza bila kelele. Katika disiki zetu 143, niliandika NM kwa 4 tu, na nitawaambia hapa chini namna moja kati ya hizo ilinirudilia.

VG+ ni disiki iliyochezwa na mutu mwenye heshima. Ina alama ndogo ndogo ukiiinamisha kwenye mwangaza, lakini hazisikiki, ao zinasikika kidogo tu.

VG ni disiki iliyochezwa kwa furaha. Mikwaruzo unaiona, mingine unaisikia na ukucha. Katika mahali pa muziki wa polepole utasikia kelele kama mafuta ndani ya kikaango, lakini muziki bado unashinda kelele. Disiki nyingi za nyumba za Kongo, kama zina bahati, ziko hapa.

G na G+: hapa njo mutego mukubwa. Kwa Kiingereza ile herufi inatoka kwa neno la «nzuri», lakini katika soko maana yake ni kinyume. Disiki ya G inacheza mpaka mwisho bila kuruka, lakini kelele ni nyingi na mufereji umechoka. Ukimwambia munuunuzi «disiki ni nzuri» na yeye akasikia G, atakuacha hapo hapo.

F na P ni disiki iliyopasuka, iliyokunjika sana, ao inayoruka na kurudilia mahali pamoja. Soko halina haja nayo, isipokuwa ni kitu ambacho hakipatikane tena mahali popote.

Namna ya kupima ni hii. Shika disiki kwa ukingo, simama karibu na dirisha asubuhi ao chini ya taa yenye nguvu, uiinamishe pole pole ili mwangaza utembee juu yake. Taa ya chumba cha kulala inadanganya: inaficha mistari miembamba yote. Kisha pitisha ukucha pole pole juu ya mukwaruzo. Kama ukucha haugongi kitu, mara nyingi sindano nayo haitagonga. Kama ukucha unagonga, andika VG ao chini. Kisha weka disiki kwenye meza ya kioo ao mahali palaponyooka, utazame kama imekunjika. Mwisho, kama una mashini, uicheze. Macho yanaona mikwaruzo, lakini hayaoni mufereji uliokulwa na sindano mubaya, na pikapu nyingi za zamani zilikuwa na sindano nzito, wakati mwingine na sarafu juu yake ili isiruke.

Pima upande A na upande B mbali mbali, na uandike ile ya chini. Upande A wa karanti senki mara nyingi ndio uliochoka, juu wimbo ulikuwa pale. Na posheti inapata herufi yake peke yake: imepasuka ukingo? Ina alama ya mayi? Imekulwa na mende? Jina la mutu limeandikwa juu yake? Baba alikuwa anaandika jina lake na tarehe kwenye kila lebo, na bikii ya buluu. Kwa soko, ile ni kasoro na inateremusha herufi. Kwa sisi, njo njia pekee ya kujua siku gani alinunua nini. Nilipiga picha ya kila mwandiko mbele ya kuuzisha.

4. Kutambua: hii ilitoka wapi na lini?

Wimbo mumoja unaweza kuwa ulitoka mara tano, katika inchi tatu. Ya kwanza inaweza kuwa ya bei, ya tano ikawa ya bei ya mukate. Tazama mahali patatu.

Kwanza lebo: jina la nyumba iliyotoa na namba yake ya katalogi. Andika vyote kama vilivyo, hata nukta na mustari. Pili, ile sehemu laini isiyo na muziki karibu na lebo. Ukiinamisha utaona herufi na namba zilizochorwa ndani ya vinili. Ile inaonyesha ni muhuri gani ulitumika kiwandani, na njo inatofautisha toleo la kwanza na la pili wakati lebo zinafanana. Tatu, majina.

Kwa majina sisi Wakongo tuna bahati, juu historia yetu imebadilisha majina mara nyingi na kila mabadiliko iliacha tarehe. Kama lebo imeandikwa Léopoldville ao Élisabethville, ujue ni jina lililoisha 1966. Kama imeandikwa «République du Zaïre», iko kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Mwanzo wa 1972, wakati wa «authenticité», wanamuziki wakaacha majina ya Kizungu: Rochereau akawa Tabu Ley, Franco akawa Luambo Makiadi. Kwa hiyo lebo ya Kinshasa yenye jina Tabu Ley inakuelekeza nyuma ya ule wakati. Lakini hii ni dalili, siyo ushahidi: inje ya inchi waliendelea kuandika majina ya zamani, juu yalikuwa yanauzisha.

Inchi ya kiwanda nayo inasema mambo. Muziki wetu ulichapwa Kinshasa, Ubelgiji, Ufaransa, na hata Nairobi. Mwaka 1960 African Jazz walirekodi «Indépendance Cha Cha» pale Brussels, siyo Léopoldville. Wanamuziki wa huku kama Baba Gaston walifika Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, njo maana usishangae kukuta Lubumbashi disiki iliyoandikwa Nairobi yenye gitaa la kwetu. Super Mazembe, kundi la Wakongo waliokaa Kenya, walitoa karanti senki nyingi kule. Kisha mwaka 1983 Virgin ya Uingereza ikatoa LP yao «Kaivaska». Wimbo ule ule, vitu viwili tofauti kabisa kwa munuunuzi.

Na siku hizi kuna matoleo mapya. Nyumba kama Analog Africa ya Ujerumani na Planet Ilunga ya Ubelgiji zinatoa upya muziki wa Kongo kwenye vinili, kwa kazi safi. Hizo si za kuchekwa, lakini usiuzishe toleo la 2014 kama la 1970. Karatasi mupya na namba mupya zitakutoa haya.

5. Bei: usiulize mutu anaomba ngapi, uliza alipata ngapi

Binamu yangu alinipigia simu mbio: «Yaya, nimeona disiki kama ile yenu kwenye intaneti, dola 400!» Nikatazama. Ni kweli, mutu aliomba dola 400. Alikuwa anaomba tangu zamani, na hakuna aliyemupa. Mimi pia ninaweza kuomba dola 400 kwa kiti changu cha plastiki.

Bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Discogs inaonyesha kwa disiki nyingi bei ya chini, ya katikati na ya juu zilizolipwa. Chukua ile ya katikati, usichukue ya juu. Kisha uiteremushe kufuata hali. Katika kipimo cha Goldmine, kama NM ni 100, VG+ ni karibu 50, VG ni karibu 25, na G ni 10 mpaka 15. Hesabu hii inaumiza, lakini ielewe: disiki ambayo kwa NM ni dola 40, ile yako ya VG ni dola 10. Kwa disiki zisizopatikana kabisa hesabu hii inalegea, juu munuunuzi hana pengine pa kwenda.

Jambo lingine lilinishangaza. Jina kubwa halileti bei kubwa. LP za Franco za miaka ya 1980 zilizochapwa Ufaransa zilikuwa nyingi, na bado ziko nyingi. Disiki iliyonipa bei ya juu kuliko zote ilikuwa karanti senki ya kundi ambalo hata mama hakulikumbuka, kundi lililotoa nyimbo chache na kupotea. Watu wachache walinunua wakati ule, kwa hiyo zimebaki chache. Munaona namna uchumi unacheka.

6. Kosa langu la NM

Sina namna ya kuuzisha mbali peke yangu, kwa hiyo nilifanya na binamu anayeishi Ubelgiji. Mutu wa safari alibeba disiki 30, binamu akaziweka kwenye soko kwa herufi nilizoandika mimi. LP moja niliiandika NM. Niliipima usiku, umeme ulikuwa umekatika, nilitumia taa ya simu, na nilikuwa na haraka juu mudogo wangu alikuwa amenipigia akilia kwamba hawatamuacha aingie kwenye mutihani.

Munuunuzi akaipokea, akaandika kwa adabu: upande B una mukwaruzo murefu unaosikika kwenye nyimbo mbili. Akatuma picha. Ilikuwa kweli. Binamu akaniuliza: «Tufanye nini? Amelipa tayari.»

Ninawaambia ukweli, siku ile nilitafuta namna ya kumulaumu posta. Zile makuta zilikuwa zimeshaingia kwenye minervali. Lakini mukwaruzo haukutoka kwa posta. Tukamurudishia tofauti ya bei kati ya NM na VG, na binamu akanikopesha. Yule munuunuzi alirudi mwezi uliofuata, akanunua disiki 6 kwa mara moja, bila kubishana. Sisemi kwamba uaminifu unalipa kila mara. Mara nyingi unalipa pole sana. Ninasema tu kwamba katika biashara hii munuunuzi haone disiki, anaona neno lako. Ukiwa na mashaka kati ya herufi mbili, andika ile ya chini.

7. Kufunga ili ifike

Tosha disiki ndani ya posheti, uiweke pembeni ndani ya karatasi yake nyembamba. Ukiiacha ndani, njiani itapasua ukingo wa posheti na herufi itateremuka mbele haijafika. Weka katoni ngumu mbele na nyuma, zipite ukubwa wa disiki sentimita moja ao mbili kila upande. Ziba pembe zote. Disiki moja kubwa na posheti yake, bila katoni, ni karibu gramu 200 mpaka 300. Hesabu uzito mbele ya kupanga bei, juu usafiri unaweza kula faida yote. Disiki zisimame, zisilale moja juu ya ingine. Na usiziache ndani ya gari lililofungwa mchana, hata dakika 20.

8. Mbele ya kuuzisha, kaa na jamaa

Mali ya marehemu haiko ya yule mwenye kushika ufunguo wa kantini. Ni ya warithi. Sisi tulikaa watoto wote na mama, nikasoma orodha ya disiki 143, moja kwa moja. Ilichukua jioni mbili, juu kila disiki ilileta hadisi. Kila mutu alichagua za kubakia. Hilo lilituokoa na maneno ambayo yangekuja mwaka huu.

Pia, rekodi ndani ya simu ao kompyuta mbele ya kuuzisha, ili watoto wasikie. Lakini elewa: unapouzisha disiki, unauzisha kitu, hauuzishi wimbo. Kuchapa nakala na kuziuzisha ni kazi ya haki za watunzi, na wazee wetu wanamuziki wameibiwa ya kutosha.

Na kama una kitu adimu kabisa, hasa disiki ya 78 ya huku kwetu, fikiri mara mbili mbele iondoke. UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urizi wa binadamu mwezi wa Desemba 2021, tukafurahi wote, tukacheza. Lakini ile sauti iko ndani ya vitu, na vitu vile vinaondoka kila siku kwa dola 100 kantini mbili. Mimi sina haki ya kuhukumu, nimeuzisha pia. Ila zile tatu ambazo sikuzipata mahali popote kwenye intaneti, tulizirekodi vizuri, tukaandika yote yaliyo kwenye lebo, na hazikutoka inchini.

Hesabu ya mwisho

Kati ya disiki 143: 51 zilikuwa G ao chini, hazikuuzika. 44 tumebakia nazo. 48 zimeuzishwa katika miezi 11. Nikitosha usafiri, sehemu ya binamu, na ile pesa tuliyorudisha, zilituachia dola 610. Hatukuwa matajiri. Ilitosha minervali yenye ilikuwa imebakia, na sehemu ya mwaka uliofuata. Mudogo wangu aliingia mutihani na siku mbili za kuchelewa.

Yule papa wa dola 100 alirudi. Nilimuonyesha orodha na herufi zake. Akasoma mpaka mwisho, akacheka, akasema: «Mudogo, ulijifunza mbio.» Kisha akanunua disiki 3, kwa bei ya kweli. Simuchukii. Yeye alikuwa na habari, sisi hatukuwa nayo.

Moja haimo katika hesabu ya soko. Ni disiki ya 78, imepasuka kutoka ukingo mpaka lebo, niliiandika P. Mama alisema baba aliinunua wiki walipooana, na ilipasuka siku mimi nilijifunza kutembea, juu niliivuta kutoka kwenye meza. Imetundikwa ukutani sebuleni. Wageni wakiuliza ni bei gani, mama anawajibu: «Ile? Ile njo deni ya huyu.»

Kama kwenu kuna kantini, anza kesho asubuhi, mbele ya jua kupanda: kitambaa laini, dirisha, daftari. Andika jina, namba, herufi ya upande A, ya upande B, ya posheti. Usiuzishe hata moja mbele orodha haijaisha. Na kama mutu anakuambia ni takataka, tazama kwanza namna anaishika.